Kiti Hiki ni cha Nani

Habari ya kifo chake niliipata kwa njia ambayo yeye mwenyewe angeipenda: watu walikuja kuniomba viti. Wasomaji wangu wa Bunia wanajua kwamba duka langu, mbali na kuuza salon, yaani seti za makochi, na vitanda, huziazimisha familia zenye matanga viti vya chuma vya kukunja, bila malipo. Nafanya hivyo kwa moyo, na sikatai kwamba jambo hilo limenijengea jina. Jumatatu asubuhi waliingia wanaume wawili wa mtaa wa Shari, viatu vimejaa tope, wakavua kofia. "Patron," akasema yule mwenye mvi, "siye tumekuya kuomba viti. Iko matanga kwetu." Nikamuuliza matanga ya nani. "Ya ule mwalimu wa dessin," akasema, yaani wa somo la kuchora. "Ule wa kusimama-simama." Mwenzake akamkanyaga mguu kwa siri, maana marehemu hatajwi kwa utani mbele ya mtu usiyejua alimpenda kiasi gani. Lakini nilikuwa nimekwishamjua. Katika Bunia yote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuingia nyumbani kwako, ukamkaribisha, ukamwonyesha kiti, naye akabaki wima katikati ya chumba mpaka umwambie kiti kile ni cha nani. Niliwapa viti vyote vilivyokuwa ghalani, nikaongeza na vipya ambavyo bado vilikuwa na karatasi miguuni.

Hakuwa rafiki yangu. Namwita mtu niliyemfahamu, na hata kufahamiana kwenyewe kulikuwa kama kwa watu wawili waliopanda lori moja la mizigo kwa sababu halikuwepo la pili. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa Ubelgiji, katika mji ambao mvua yake haijui kukatika, Wazaire wawili peke yetu katika masomo ya juu, yale yanayokuja baada ya licence, digrii ya kwanza, ya historia ya sanaa na usanifu wa vitu. Naeleza kwa faida ya wale ambao bado wananiuliza sokoni. Mtu wa historia ya usanifu anachunguza jinsi kiti, kikombe, kitasa cha mlango au kitambaa kilivyopata umbo lake, nani alilifikiria, kwa mti gani, kwa mashine gani, na kwa nini umbo hilo lilipendwa zamani na kuchukiwa baadaye. Yeye aliletwa na bourse, fedha za masomo za serikali. Mimi sikuletwa na mtu. Baba yangu aliuza chumvi na maharagwe Butembo, akanipa baraka zake na koti moja, basi. Nilijisomesha kwa kuosha sahani katika mgahawa nyuma ya stesheni, na ndiyo maana mikono yangu ilivijua vyombo vya Ulaya kabla kichwa hakijavijua. Mpaka leo nipe sahani nikiwa nimefumba macho, nitakuambia kama ilitengenezwa kwa ajili ya tajiri au kwa ajili ya hospitali.

Katika semina yetu ya kwanza, profesa wetu, mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, aliweka kiti juu ya meza. Kiti cha kawaida, cha mbao, hakina mikono, mgongo wake umepindwa kwa mvuke. Akatuambia tukieleze. Zamu yangu ilipofika nilieleza mkunjo wa mgongo, viungo, skrubu, jinsi kiwanda kilivyopunguza vipande vya mbao kutoka vingi hadi vichache, na uhusiano wa kiti hicho na mikahawa ya miji mikubwa, ambayo mimi, tofauti na wenzangu wengi, nilikuwa naijua kutoka upande wa jikoni. Nilieleza mpaka profesa akaweka kalamu chini. Kisha ikafika zamu ya mwenzangu. Alikizunguka kile kiti, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza: "Ni cha nani?" Profesa akajibu kwamba ni mali ya chuo. "Naelewa," akasema, "lakini anayekikalia ni nani?" Profesa akamwambia hakuna anayekikalia, ni kielelezo. "Basi siwezi kukieleza," akasema mwenzangu, akarudi mahali pake. Profesa alitabasamu. "Bwana," akamwambia, "hilo ni swali la polisi. Si swali la historia ya usanifu." Darasa likacheka, nami nikacheka nao, kwa Kifaransa safi.

Mwisho wa masomo nilipata distinction, alama ya heshima. Yeye alipata satisfaction, ambalo ni neno la upole wanalompa mtu aliyepita mlangoni akiwa ameinama. Mémoire yake, yaani tasnifu, ilihusu viti vya kuchonga vya kwao, upande wa Djugu, vile vya gogo moja visivyo na mgongo. Ili aiandike walimpeleka katika ghala la jumba moja la makumbusho, ambako viti kama hivyo vilipangwa kwenye rafu, kila kimoja na namba yake. Jioni hiyo alirudi katika vyumba vyetu akakataa kula. "Viti vyote vile," akaniambia, "na hata kimoja hakina mwenyewe. Kama watoto wa orphelinat." Nikamshauri aandike kuhusu umbo, amalize, arudi nyumbani. Aliandika kuhusu umbo. Lakini kila sura aliianza kwa kulalamika kwamba hajui ni cha nani, na hapo ndipo zilipopotea alama zake.

Tukarudi, na nyumbani ndiko diploma inakofanyiwa mtihani wa kweli. Shangazi yangu alinipokea kwa kuku na kwa swali. "Ni vile ulienda Poto, miaka yote hii, kusoma viti?" akaniuliza; Poto kwake ni Ulaya. "Kwetu mutoto anajua kiti mbele ya kujua kutembea." Nikamwambia, "Shangazi, si viti tu. Hata vikombe." Alifikiri kidogo. "Ah," akasema, "na vikombe." Kesho yake aliwatangazia majirani kwamba mimi ni injinia, na sikumsahihisha, kwa sababu shangazi hasahihishwi. Mwenzangu alipata kazi ya kufundisha dessin na estetiki, elimu ya uzuri, katika shule moja ya sekondari, akapanga nyumba Shari, akaoa. Mimi nilifungua duka. Najua kuna wanaosema pembeni kwamba mtu mwenye diploma ya usanifu asingeuza salon za miguu iliyopindwa kama ya wafalme wa Ufaransa, zenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Ninawajibu: ninauza kile ambacho Bunia inataka kukalia, na mimi ndiye muuza samani pekee katika mkoa huu anayeweza kukuambia kwa nini miguu ile imepindwa. Diploma yangu iko juu ya mlango, ndani ya kioo, kila mtu aione anapotoka. Marehemu alikuwa akipita hapo mara kwa mara, anasimama katikati ya salon zangu. "Hizi ni za nani?" "Za atakayenunua." "Basi nitasimama." Na kweli alisimama, akanywa chai yangu akiwa wima, akaondoka.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, ambacho wengi wamekisikia kwa nusu, na wengine kwa nusu ya uongo. Katika miaka ile ya kurudi kwenye asili, tulipovua tai na kubadili majina, ilisikika kwamba Bunia ingepewa jumba dogo la makumbusho. Nyumba ilikuwa imekwishaonyeshwa, ile ya zamani yenye baraza pana na vigae. Mkubwa mmoja angekuja kutoka Kisangani kutazama maonyesho yetu, na kama yangempendeza, angetia saini, na mwalimu wetu wa dessin angekuwa mlinzi, yaani mhifadhi, wa jumba hilo. Sijawahi kumwona mtu anayetamani kitu kama alivyotamani yeye kazi hiyo. Alikuwa amekwishachora mahali pa kila kabati la kioo. Akaamua kuonyesha viti vya kwao, si vya ghalani bali vyenye wenyewe, na tukaenda kuviazima Djugu kwa pikapu yangu, niliyoinunua kwa jasho langu na si kwa mkopo wa mtu.

Lazima nieleze desturi ya kule, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Upande ule, mwanaume akiwa na nyumba yake huchongewa kiti, na kiti hicho ni chake kama meno yake yalivyo yake. Mke hakikalii, mtoto hakikalii, mgeni haonyeshwi. Mwenyewe akifa kiti hubaki ndani, mahali pake, na mgeni anayeingia huambiwa: kile ni cha fulani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nadhani hawakufika Djugu. Huko asiyekuwepo, kiti chake kipo, na watu wanakizunguka wakipita. Mjomba wa marehemu, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa na kiti cha thamani kuliko vyote, cha baba yake mwenyewe, aliyekuwa amekufa zamani. Kimeiva rangi ya asali nyeusi, katikati kimelika kwa kukaliwa. Mzee alikileta uani akiwa amekikumbatia.

"Nakupatia ya baba yangu," akamwambia mpwa wake. "Lakini neno iko moya. Hakuna mutu atakaa."

"Hakuna mtu, mjomba. Batu watakuya kuangalia tu."

"Kuangalia kiti?"

"Ndiyo."

"Kisha?"

"Kisha watarudi kwao."

Mjomba akanigeukia mimi. "Na huyu, yeye iko nani?"

"Tulisoma pamoja kule Poto."

"Naye alisoma viti?"

"Naye."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Batu babili kusoma viti," akasema, akifuta macho. "Serikali iko na feza." Kisha uso ukamrudi. Akashika mkono wa mpwa wake, akarudia lile neno moja, hakuna mtu atakaa, na mpwa akamwapia kwa jina la mama yake.

Kuhusu lebo tulibishana. Mimi niliziandika zote, kwa mwandiko wangu: mti, urefu, kipindi, mtindo. Nikapendekeza na nyingine kubwa ya kuwaomba wageni wasiketi. Alikataa kana kwamba nimemtukana. "Nani anakaa kwenye kiti ya mutu?" akaniuliza. "Hata mulevi hafanyi vile." Hapo alikuwa anafikiri Bunia ni Djugu. Alisahau kwamba mji ni mahali ambapo kila mtu amezoea viti visivyo na mwenyewe: vya bar, vya ofisi, vya kanisa, vya kwangu.

Siku ikafika. Viti vyangu vya chuma vilipangwa uani kwa ajili ya umati, na ndani ya ukumbi wa shule, kwenye mikeka safi kando ya ukuta, vikawekwa vile vya kuchonga. Mkubwa alichelewa, kama inavyotakiwa. Aliingia na watu wake, nami nikatoa hotuba yangu kuhusu umbo na matumizi katika viti vya Ituri. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilikuwa nimeitayarisha kwa wiki nyingi na sikuona sababu ya kuifupisha eti kwa vile watu wamesimama. Nilikuwa ndio kwanza natoka kwenye matumizi nikielekea kwenye umbo, nilipomwona mkubwa, aliyekuwa amevaa viatu vipya, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kisigino kikagusa mkeka. Akapapasa nyuma kwa mkono. Akaketi, na akashusha pumzi, juu ya kiti cha baba yake mjomba. Na mkubwa akishaketi, wadogo wamepewa ruhusa. Mkurugenzi wa shule akaketi. Karani wa mkubwa akaketi. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa akajaribu viwili kabla ya kuchagua. Mimi nilichukulia kwamba wanataka kunisikiliza kwa utulivu.

Marehemu alikuwa mlangoni. Nilimwona uso ukimwisha rangi. Wasomaji vijana hawatajua vizuri, lakini wa rika langu wanajua: katika miaka ile hukumwambia mkubwa asimame. Ungeweza kumwomba apumue kidogo, labda, lakini si asimame. Na saini ya jumba la makumbusho ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lile lile lililokuwa limeketi. Angenyamaza, angepata jumba lake. Mjomba alikuwa mbali, na ukumbini hakukuwa na mtu mwingine wa Djugu. Alisimama hivyo kwa muda, akiangalia. Halafu akaenda dirishani, akawatolea kichwa nje wanafunzi wake wa kikundi cha animation, kile cha kuimbia chama na Serikali, waliokuwa wakingoja uani na ngoma zao, akainua mkono. Wakaanza wimbo wa taifa.

Wimbo wa taifa ukiimbwa, katika Zaire yote hakuna kitako kinachobaki chini. Mkubwa alisimama kwanza kuliko wote, kifua mbele. Karani akasimama, mkurugenzi akasimama, muuza kahawa akasimama, nami nikakatishwa katikati ya sentensi nzuri. Wote wakitazama mbele, marehemu akapita nyuma yao kando ya ukuta, akakiinua kile kiti cha babu yake, akakikumbatia kama mjomba alivyokikumbatia, akakipeleka chumba cha pili. Akarudi kuchukua kingine. Wimbo ukaisha, mkubwa akaanza kukunja magoti, na mkono wa mwalimu ukainuka tena dirishani. Wakaimba wimbo wa chama. Tukasimama tena vizuri zaidi. Walipomaliza na huo, kando ya ukuta palikuwa na mikeka mitupu na lebo zangu.

Mkubwa alitazama nyuma yake kwa muda. "Kiti yangu iko wapi?" akauliza, bila hasira.

"Haikukuwa yako, mukubwa," akasema mwalimu wa dessin.

"Iko ya nani?"

"Ya babu yangu."

"Aitwe basi, tumuombe."

Watu wakacheka, kwa utiifu. Yeye hakucheka. "Alikufa," akasema.

"Kama alikufa, sasa kiti iko ya nani?"

"Ya yeye."

Mkubwa alitazama viatu vyake vipya. Kisha akamgeukia karani wake, akasema kwa Kifaransa kwamba maonyesho yameandaliwa vizuri sana. Wanaoijua lugha ya ofisi wanajua kwamba hiyo ni sentensi ya mazishi. Nyumba yenye baraza na vigae ikawa ghala la kahawa, na mpaka leo ukipita hapo jioni unasikia harufu yake, ambayo, kusema kweli, si mbaya.

Tulivirudisha viti Djugu kwa pikapu yangu. Njiani nilimshauri, kama mtu aliyeiona dunia, kwamba mzee hakuwepo, kiti hakina alama, na ukimya si uongo. Mjomba alikuwa uani.

"Kiti ya baba yangu umerudisha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Iko mutu alikaa?"

"Alikaa."

"Nani?"

"Mukubwa moya wa Serikali."

"Yeye iko mutoto wa nani?"

"Sijui, mjomba."

"Uliazima baba yangu kwa mutu hata babake haumujui." Wake zake walikuwa wametoka jikoni kusikiliza. "Kisha, ulifanya nini?"

"Nilimusimamisha."

"Alisimama?"

"Alisimama."

Hapo nikaona kitu kikipita usoni mwa mzee, haraka, kama kivuli cha ndege juu ya ua. Lakini alikuwa mtu wa neno lake. "Kiti hii haitaingia tena humu," akasema. "Ilitoka na neno, neno ikavunjika. Weye utaichunga. Hautaikalia. Na kila mutu mwenye ataingia kwako, utamuambia iko ya nani. Siku utachoka kusema, njo utakuwa umeipoteza."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka ukufe. Kisha utaachia mwingine mwenye mudomo."

Ndivyo kiti kile kilivyokuja kuishi Shari, katika pembe ya chumba kimoja cha kukaribishia wageni, kati ya redio na mtungi wa maji. Na ndivyo yeye alivyoishi tangu hapo: hakuna aliyevuka kizingiti chake bila kuambiwa. Aliyepiga hodi kuomba maji aliambiwa. Mchungaji aliambiwa. Wanafunzi waliofeli dessin wakaja kulia waliambiwa kwanza, wakalia baadaye. Alisema jina la babu yake, na nani alikichonga, na mti ulikatwa wapi, na kwamba yule mzee alikuwa akigeukia upande wa kushoto alipoketi kwa sababu ya goti, na ndiyo maana mbao imelika zaidi upande huo. Wengine walirudi kusudi, kumjaribu, waone kama atachoka. "Mimi niliolewa na mwalimu," mke wake aliwahi kuniambia, akinimiminia chai, "njo najikuta mulinzi wa kiti." Lakini aliposema hivyo alikuwa amekwisha kumzuia mwanangu asikikalie, na akamwambia ni cha nani, bila kukosea hata neno.

Nimefikiri sana wiki hii kuhusu sisi tuliokwenda kusoma mbali. Vijana wa siku hizi, hii miaka ya themanini, wananijia dukani kuniomba ushauri juu ya masomo ya juu ng'ambo, na ninafurahi, kwa sababu ushauri wangu ni mzuri. Wanauliza mtu anarudi na nini. Nimewaona waliorudi na friji. Nimewaona waliorudi na kikohozi na lafudhi. Mimi nilirudi na distinction, nikaongeza duka na pikapu, wala sitaomba radhi kwa kimojawapo. Yeye alikwenda na swali, akachekwa na profesa na darasa zima, akarudi nalo lile lile, halijachubuka. Zamani niliona hiyo ni hasara ya bourse. Tumebadili majina yetu na makoti yetu kwa amri, na nyumbani tumeketi kwenye viti vya wafalme wa wengine, tena nilivyowauzia mimi. Kila baada ya muda mkubwa mpya anafika Bunia na kutangaza kwamba jumba la makumbusho litajengwa, watu wanapima kiwanja kwa kamba, kamba inarudi ofisini. Na wakati wote huo jumba lilikuwapo Shari, lina kitu kimoja na mlinzi mmoja, na halikufungwa hata Jumapili.

Nasema hivyo kwa sababu ya nilichokiona kwenye matanga. Viti vyangu vilijaza ua, watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani mwalimu wa dessin anaweza kuwa nao. Mchana ikanyesha mvua yetu ile isiyobisha hodi, na umati wote ukakimbilia ndani. Chumba kidogo kikajaa mpaka mlangoni, wanawake na watoto mgongoni, wazee wamebanwa ukutani, mimi mwenyewe kiwiko cha mtu ubavuni. Na pembeni, kati ya redio na mtungi, kiti kile kimekaa peke yake, na mbele yake nafasi tupu ambayo mguu wa mtu haukuingia. Dereva mmoja aliyewaleta jamaa kutoka mbali, hajui lolote, akajipenyeza, akashukuru Mungu, akaanza kuketi. Chumba kizima kikasema kwa pamoja, bila kelele, kama watu wanaoitikia sala: "Ile haikaliwi." Na bibi mmoja, jirani tu, wala si wa Djugu, akamwambia ni cha nani, na mti ulikatwa wapi, na habari ya goti. Nimeingia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya yenye kamba nyekundu na walinzi wenye vifungo vya shaba. Sijaona kitu kilichochungwa namna ile.

Mjomba bado yupo. Walimleta kwa gari, wakamweka mbele, macho yamefifia lakini kichwa kizima. Baada ya mazishi watu wa ukoo walikaa kuzungumza nani atakichukua kiti, maana neno lilikuwa neno. Watoto wa marehemu ni wadogo, na mjane alisema amesema vya kutosha kwa maisha mawili. Mzee akauliza: "Ule mwingine yuko wapi? Ule wa kusoma viti. Mwenye kusema sana." Nikasogea. Alinipapasa mkono kuhakikisha.

"Weye njo ulisema siku ile mpaka bakubwa wakachoka miguu?"

"Ilikuwa hotuba, baba."

"Vizuri," akasema. "Chukua."

Sasa kiko dukani kwangu, mbele, mkabala na diploma, ambako mteja hukiona anapoingia, na diploma anapotoka. Nilitaka kukiandikia lebo, mti, urefu, kipindi, kama tulivyofundishwa, nikagundua kwamba katika mbinu ile mwenyewe hana mstari wake. Nikauongeza, juu ya yote. Profesa wetu alisema hilo ni swali la polisi. Alikosea. Nalisema mimi niliyepata distinction kwake, ili isidhaniwe ni wivu wa mtu aliyefeli: kitu usichojua ni cha nani hujakisoma, hata ukijua kila skrubu yake, na mtu anayeketi bila kuuliza atasimamishwa siku moja mbele za watu.

Jana mteja mmoja mnene, ametoka kutembea juani, alikielekea moja kwa moja. Nilisimama. Sikuimba, sauti yangu haifai. Nilimweleza tu ni cha nani, kwa utaratibu, kwa urefu ninaoujua mimi, na nilipomaliza alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, akiuliza ni goti lipi.